Sura ya Sita: Pikipiki ya Marehemu Haiwaki

"Mimi siyo mganga wa kufufua wafu, Afande," alisema Fundi Masizi, hata kabla hajaambiwa alichoitiwa. "Pikipiki hiyo ilikufa na mwenyewe. Ipige kiki mpaka goti lihame, haiwaki."

Inspekta alikuwa amechuchumaa kwenye sakafu ya stoo, suruali ya sare imeshachafuka magotini, anachungulia spoki za gurudumu la nyuma. Mwanamke huyu alikuwa na ugonjwa mmoja ambao wenzake kituoni walishauzoea: jambo lisipomwingia akilini hatulii, na mtu aliye karibu naye haachwi atulie. Sasa hivi lililomkera lilikuwa dogo tu. Kiti kilikuwa na vumbi, tangi lilikuwa na vumbi, spoki nazo zilikuwa na vumbi. Lakini buibui waliotanda stoo nzima, dari hadi kwenye vipini vya majembe, hawakuwa wameigusa pikipiki hata kwa uzi mmoja.

Stoo ilikuwa nyuma ya nyumba ya mjane wa mchonga vyuma. Wiki iliyopita mtu wa pikipiki aliingia kwenye ghala la vipuri vikuukuu, barabara ya nyuma, akatoka mbio na kumgonga mlinzi aliyekuwa anakimbilia kufunga geti. Mlinzi alivunjika mguu, akalazwa. Uso wa mtu huyo hakuuona, maana ulikuwa ndani ya helmeti. Cha ajabu, mwenye ghala alikagua rafu zake zote akaapa hakuna kilichoibwa zaidi ya takataka moja ya urembo aliyokuwa ameiweka juu ya meza yake. Lakini mlinzi alipopata fahamu alisema jambo moja na hakulibadilisha, aulizwe asiulizwe: "Ni pikipiki ya marehemu mchonga vyuma. Hakuna nyingine mji huu inayokohoa vile."

Kwa maneno hayo mtoto wa marehemu, mwalimu wa hesabu, alikamatwa darasani mbele ya wanafunzi wake, chaki mkononi. Kesho asubuhi angepandishwa kizimbani. Yeye alisema pikipiki haijawaka tangu baba yake azikwe, na mama yake akasema vivyo hivyo. Kwa hiyo swali la leo lilikuwa jepesi kulitamka. Pikipiki hii inaweza kuwaka, au haiwezi? Isipowaka, mwalimu anarudi nyumbani kula chakula cha mama yake. Ikiwaka, mama atafute wakili.

Mama mwenyewe alikuwa ameketi mlangoni pa stoo kwenye kiti cha plastiki, mtandio ameukunja mapajani.

"Si lazima ukae hapa, mama," Inspekta alimwambia.

"Nitakaa. Kama kitu cha kumfunga mwanangu kitatoka humu ndani, nataka nikione kikitoka."

"Funguo za stoo ziko kwa nani?"

"Mmoja anao mwanangu. Mwingine anao shemeji yangu huyu hapa. Nilimruhusu aweke matairi yake pale kwenye kona."

Fundi Masizi alitikisa kichwa kukubali. Karakana yake ilikuwa mtaa huohuo, na kwa injini za kizamani hakuwa na mpinzani. Yeye mwenyewe alihakikisha kila mtu analijua hilo. Yeye na marehemu hawakuwa ndugu wa damu, lakini walikuwa wameshibana mpaka wake zao wakaitana mawifi.

"Naingia, nachukua tairi, natoka," alisema. "Pikipiki yenyewe sijawahi kuigusa. Urafiki wetu wote ule, marehemu hakuniachia hata niifute vumbi. Muulize shemeji."

"Kweli kabisa," mama alisema. "Hata mimi nilikuwa mke mdogo. Mke mkubwa ndiye huyo hapo."

Koplo aliyekuja na Inspekta alicheka, kisha akakumbuka yuko kazini akajikohoza. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye kitambi na mikono iliyozoea kushika kalamu na kijiko.

"Kwa utaratibu wetu," alisema Inspekta, "kitu cha ushahidi hakishikwi na raia. Koplo ndiye atakayeshika. Wewe, fundi, utaelekeza kwa mdomo."

Fundi alimtazama Koplo kuanzia kofia mpaka viatu. "Huyu? Umewahi kushika bisibisi wewe?"

"Nyumbani huwa nakaza bawaba za mlango."

"Na mlango unafunga?"

"Unafunga, ukiusukuma."

"Haya. Mungu atusaidie."

Wakaanza na plagi, kama mafundi wote wanavyoanza. Fundi alieleza, maana kueleza alikupenda kuliko chai: injini ya petroli inadai vitu viwili, mafuta na cheche. Ukivipata vyote viwili na bado haiwaki, basi umerogwa. Koplo alichomoa waya, akafungua plagi kwa spana, akajikata kidole, akainua plagi juu kwa ushindi.

"Imekufa hiyo," alisema Fundi. "Itupe."

Inspekta aliipokea kwa leso, akaisogeza kwenye mwanga wa mlangoni. Ncha yake ilikuwa kavu, rangi ya biskuti, safi.

"Plagi iliyokaa miaka bila kazi haifanyi kutu?"

"Inategemea."

"Inategemea nini?"

"Inategemea plagi yenyewe."

Jibu hilo lilimpendeza Inspekta kwa jinsi lilivyokuwa halina kitu ndani yake. Alimrudishia Koplo plagi, wakaichomeka kwenye waya wake, wakailaza juu ya silinda ili chuma kiguse chuma, na Koplo akapiga kiki. Wote waliinamia ile ncha. Hakuna kitu. Akapiga tena mpaka kofia ikamdondoka. Hakuna. Inspekta alikuwa amekuja na plagi mpya mfukoni, nayo ikajaribiwa. Ikalala pale kimya kama kokoto. Wakaitoa, wakasogeza mdomo wa waya wenyewe karibu na chuma cha injini. Hakuna cheche, hakuna hata harufu ya cheche.

"Si nilisema?" Fundi alikunja mikono. "Hii haitumii betri. Ndani kuna sumaku inayozunguka, pembeni yake kuna koili, na hiyo koili ndiyo inayozaa umeme. Koili imeungua. Na koili ya pikipiki hii usiende kuitafuta. Kiwanda chenyewe kilishafungwa, waliokitengeneza wameshazikwa."

"Kwa hiyo haiwaki," mama alisema kutoka mlangoni.

"Haiwaki, shemeji."

Mama alifumba macho, na midomo yake ikaanza kucheza bila sauti. Alikuwa anashukuru, wala hakujificha. Koplo naye alishachukua kalamu.

"Niandike hivyo, Afande? Haiwezi kuwaka?"

Inspekta hakuwa amemaliza. "Fundi, umejuaje ni koili, na hujaiona?"

"Uzoefu."

"Sawa. Kati ya hiyo koili na plagi, hakuna kitu kingine kinachoweza kuzuia cheche?"

Fundi alisita. Kudanganya juu ya injini kulikuwa kunamkwama kooni, hilo lilionekana. "Kuna platini," alisema. "Vipande viwili vidogo vya chuma. Vinagusana, vinaachana. Vikiachana, ndiyo cheche inaruka. Lakini hapo hakuna tatizo."

"Ziko wapi?"

Alionyesha kwa kidevu. Pembeni ya injini palikuwa na kifuniko cha duara, kimebanwa kwa skrubu tatu. "Ila hapo huwezi kufungua. Zimeliwa na kutu."

Habari ya skrubu hizo Inspekta alishaisikia asubuhi ileile, mahabusu. Mwalimu alimwambia kuwa baada ya msiba alitaka kuiwasha pikipiki ya baba yake, walau mara moja, mama aisikie. Alitazama video kwenye simu jinsi inavyofanywa. Hakufika hata ndani, kifuniko kilimshinda, na juu ya hayo akavunja bisibisi ya marehemu. Maelezo kama hayo polisi wanayasikia kila siku, na mengi ni ya kupikwa. Lakini bisibisi ilikuwepo kwenye sanduku la vifaa, imevunjika ncha, na mwanya wa skrubu moja ulikuwa umechubuka kwa papara ya mtu asiyejua anachofanya.

Inspekta alizipitisha kucha juu ya zile skrubu. Zilikuwa za manjano.

"Fundi, hizi si shaba?"

"Ni shaba."

"Shaba nayo inaliwa na kutu?"

"Inaganda," alisema Fundi. "Shaba inaganda."

"Basi tuigandue. Koplo, fungua."

Koplo alitia mkono kwenye sanduku, akatoka na bisibisi ya kwanza iliyomgusa vidole. Ilikuwa nyembamba mno kwa mwanya ule. Fundi aliiona, akafungua mdomo, akaufunga. Koplo aliizungusha kushoto, kama anavyofungua mtu yeyote duniani, na skrubu haikusogea. Akajiegemeza na uzito wake wote. Bisibisi ikachomoka, ikachora mstari mrefu kwenye kifuniko kilichokuwa kinang'aa. Fundi Masizi alitia mikono mifukoni.

"Ngoja," alisema Koplo. "Haijui mimi ni nani."

Akarudi tena. Bisibisi ilikwaruza, ikateleza, ikakwaruza. Vipande vidogo vya shaba vilianza kudondoka sakafuni. Fundi aligeuka akatazama matairi yake, kisha akageuka tena. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo.

"Afande, kama kuna nyundo hapo," alisema Koplo, "naipiga moja tu, inalegea."

"Utaila kichwa, bwana!" Fundi alisharuka mbele, mkono umenyooshwa. "Bisibisi pana! Chukua ile pana! Na uache kuzungusha kushoto, unazidi kuikaza. Hizo zinafunguka kulia."

Koplo aliokota bisibisi pana, akazungusha kulia. Skrubu ililegea taratibu, bila hata mlio, na ya pili na ya tatu nazo zikafuata. Mlangoni, midomo ya mama iliacha kucheza. Inspekta alimtazama Fundi kidogo. Fundi alikuwa anatazama sakafu.

"Asante, fundi," alisema Inspekta, akainama.

Ndani ya kifuniko hakukuwa na kutu, wala vumbi, wala uchafu wowote wa miaka. Platini ziling'aa. Kwenye kipande kidogo cha sufi kilichokuwa chini yake palikuwa na tone la mafuta, bado bichi. Na katikati ya platini, mahali ambapo chuma kinatakiwa kigusane na chuma, palikuwa pamechomekwa kipande cha nailoni angavu, kimekatwa kwa mkasi, kingo zimenyooka. Inspekta alikivuta kwa kibano akakiinua.

"Hiki peke yake kinatosha kuizima?"

"Kinatosha," alisema Fundi. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Kwa hiyo aliyekiweka alitaka ionekane imekufa. Lakini kwanza amezisugua platini, akazipima nafasi, akazitia mafuta. Nani humwogesha mtu kabla ya kumuua?"

"Mtu msafi," alisema Koplo.

"Mtu aliyezoea kazi safi, hata kazi yenyewe ikiwa ya hila. Rudisha kifuniko, Koplo. Kaza kwa kushoto."

Waliilaza plagi tena juu ya silinda. Koplo akapiga kiki, na safari hii cheche ya buluu iliruka na kulia kama kijiti kinachovunjika. Koplo mwenyewe alishtuka akarudi nyuma. Inspekta alitabasamu bila kupenda, maana kitu kilichokataa kikakubali humfurahisha mtu hata pale ambapo hakistahili. Plagi ikarudishwa mahali pake. Tangi lilikuwa tupu, limefutwa kwa kitambaa mpaka shingoni, nalo hilo likaandikwa. Koplo akamimina petroli, akafungua koki, akangoja kidogo.

"Mama," alisema Inspekta, "naiwasha."

Mara ya kwanza pikipiki ilitoa pumzi tu. Mara ya pili ikakohoa, ikanyamaza. Mara ya tatu ikakohoa na kuendelea kukohoa, kwa ule mdundo wa kikohozi kikavu ambao mlinzi wa ghala aliufuatisha kwa mdomo wake pale kitandani hospitalini, na vumbi likaanza kucheza juu ya tangi. Majirani wawili walichungulia juu ya ukuta. Hakukuwa na ubishi tena. Alichokisikia mlinzi ndicho kilichokuwa kinasikika.

Mama alisimama, akakaa tena. "Basi," alisema. "Mwanangu amekwisha." Akajifunika uso kwa mtandio akalia, naye Koplo, ambaye alikuwa na mama yake nyumbani, akajifanya anasoma maandishi kwenye tangi.

Inspekta aliiacha injini ikiunguruma, akamsogelea mama, akachutama mbele yake.

"Mama, nisikilize. Skrubu zile alizichonga nani?"

Mama alishusha mtandio. Alimjibu Inspekta, lakini macho yake yalikuwa kwa Fundi.

"Alizichonga mume wangu, kwenye mashine yake. Alizikata kinyume makusudi. Alisema mdokozi akija kufungua, akazane kuikaza mpaka achoke aende zake. Alikuwa anajilaza pale kitandani anacheka peke yake. Akanikataza nisimwambie mtu."

"Ulimwambia mwanao?"

"Sikumwambia. Yule hesabu anazijua. Vyuma havijui."

"Ndiyo maana akavunja bisibisi. Alikuwa anakaza." Inspekta alisimama. "Na fundi je? Marehemu hakumwambia?"

"Fundi ndiye mdokozi mwenyewe aliyekuwa anamwogopa," alisema mama.

Pikipiki ilikohoa katikati yao. Fundi Masizi alijaribu kucheka.

"Afande, skrubu za zamani nyingi zinakuwa hivyo. Nilibahatisha tu."

"Umesema zimeganda kwa kutu, kumbe ni shaba. Umesema hujawahi kuigusa, na ulijua zinafunguka upande gani hali Koplo hajaisogeza hata moja. Aliyeweka ile nailoni alizifungua zile skrubu, na mwalimu hakuweza. Funguo za stoo ni mbili." Inspekta hakupandisha sauti. "Yule kijana anakuitaje?"

Fundi alirudi nyuma mpaka visigino vikagusa matairi yake, akakaa juu yake.

"Baba mdogo."

"Kesho asubuhi baba mdogo wake atakuwa wapi, yeye akiwa kizimbani?"

Hapo ndipo palipomwishia. Alikaa akiitazama injini, viganja amevilaza magotini, na alipoanza kusema alisema kama mtu anayeeleza kazi.

"Skrubu hizo zilinisumbua sana. Nilizihangaikia kila nilipokuja kuchukua tairi. Siku nilipogundua, nilicheka mwenyewe humu ndani. Nikasema, mzee, umenipata. Nilitaka kuisikia tena, basi. Nikaifungua, nikaisafisha, usiku nikaisukuma mpaka mbali na nyumba, ikawaka. Ila ikipata moto inazima. Koili ilikuwa inakufa."

"Koili uliyotuambia imeungua."

"Ile ya zamani. Pale ghalani kulikuwa na mpya, ndani ya boksi lake. Mwenye ghala ameiweka juu ya meza kama pambo. Nimemwomba mwaka mzima, ananiambia siyo ya kuuza. Nikaenda nikaichukua. Mlinzi akatokea getini. Nilidhani amekwepa. Nikaja nikaifunga koili, nikaweka nailoni ili isiwake kwa mtu yeyote, nikaimwagia vumbi. Walipomchukua kijana nikajiambia, afadhali. Wakiona imekufa watamwachia."

"Na wewe ubaki salama."

"Na mimi nibaki salama. Ndiyo."

"Kwa hiyo koili ya ghalani ndiyo iliyomo humu sasa hivi."

"Ndiyo hiyo. Sijawahi kuiwasha nayo, niliogopa sauti." Fundi aliinamisha kichwa upande mmoja, akasikiliza. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Leo ndiyo mara ya kwanza naisikia. Haizimi, unaona? Imepata moto na haizimi."

Inspekta alimwashiria Koplo. Koplo alitoa pingu, kisha akazirudisha, akamshika Fundi kiwiko tu.

"Ungeniomba," mama alisema.

Hakuna aliyemwelewa mara moja. Mama alikuwa amesimama sasa, ameshika mgongo wa kile kiti cha plastiki.

"Alipokuwa hospitali aliniambia, pikipiki apewe fundi. Mtoto ataiuza chuma chakavu. Lakini asipelekewe mlangoni, alisema, yule ana kiburi, aje aombe mwenyewe, nami huko niliko nicheke. Nikakungoja. Kila ulipokuja kuchukua tairi nilisema leo ataniuliza. Unanisalimia, unachukua tairi, unaondoka. Kumbe ulikuwa unaniibia kitu chako."

Mkono wa Fundi, ule ambao Koplo hakuushika, ulijipeleka wenyewe kwenye koki ya petroli ukaifunga, na Inspekta hakumkataza.

"Inspekta," mama alisema, "kabla hujamweka ndani, mpitishe kwa mwanangu. Amwambie kwa mdomo wake."

"Nitampitisha, mama. Na mwanao atarudi kwako jioni hii."

"Nitamwambia, shemeji," alisema Fundi. "Nitamwambia kila kitu."

"Usiniite shemeji."

Injini ilitafuna mafuta yaliyobaki kwenye kabureta, ikakohoa, ikazima. Mama alikuwa ameshanyanyua kiti chake, anavuka ua kwenda kufungua madirisha ya chumba cha mwanawe.